Karatasi ya Zamu kwenye Mlango wa Kanisa

Kamate, funga mlango. Julie, vuta pazia, si lote, acha upenyo nione njia, kwa maana tangu asubuhi naona miguu inapita hapo nje na sijui ni ya nani. Haya. Sogeeni wanangu, kaeni upande huu wa sikio linalosikia, mnisikilize mpaka mwisho bila kunikatiza, kwa sababu pumzi niliyobaki nayo inatosha kusema mara moja tu. Yule daktari wa jana alizungumza nanyi Kifaransa kwenye baraza akidhani mzee ataambulia patupu, kumbe mimi nimefundisha Kifaransa miaka thelathini na minane. Alisema siku mbili, labda tatu.

Na huo uji ulio mezani, nani aliupika? Hii ni mara ya tatu nauliza, na mara zote mnatazamana kabla ya kujibu. Darasani nilikuwa nawakamata wanaoibiana majibu kwa dalili hiyohiyo. Msinifiche, nimesikia sauti yake nje. Ni Jokébed, binti ya Vagheni. Ametoka Kipese na kikombe chenye kifuniko, amekaa kwenye benchi langu tangu jua lichomoze, na mimi najiuliza mtu ambaye sikumpa kitu maishani mwangu isipokuwa ubaya anatafuta nini kwenye kitanda changu. Katika nchi hii yetu watu wazima wamemalizwa na kikombe kimoja, na jina la sumu yenyewe mnalijua, sina haja ya kulitaja. Usogezeni hapo dirishani, msiumwage. Nitaamua baadaye.

Nianze na mali, maana najua mkitoka humu ndani ndiyo mtakayoshikania mashati. Nyumba hii ni ya Kamate. Shamba la maharage la Musienene ni la Julie, na usikunje uso, Kamate, yeye ndiye aliyelilima na mama yenu wakati wewe ulikuwa unatafuta diploma. Mikaratusi ya bondeni mtagawana, lakini kabla ya kukata hata mti mmoja mpime mpaka wa upande wa chini, hatua sitini na mbili kutoka kwenye jiwe jeupe, kwa sababu jirani yetu kila masika husogeza ile miti ya mpaka kidogo kidogo akidhani macho yangu yamekufa. Baiskeli mpeni yeyote mwenye magoti. Halafu kuna sanduku la chuma hapa chini ya kitanda. Ufunguo wake ninao shingoni pamoja na medali ya Bikira Maria, na mtu asiuguse mpaka niseme. Julie, najua mwezi uliopita ulijaribu kulifungua kwa kijiti. Nilikuta mkwaruzo. Usilie, sikugombezi, nataka tu ujue kwamba niliona.

Ndani ya sanduku hilo mna karatasi moja, na ni kwa ajili yake nimekuita wewe Julie utoke Beni na kupita vizuizi vyote vya hawa wanaojiita wakombozi siku hizi.

Kamate, wiki tatu zilizopita ulikuja hapa ukiwa na barua mkononi. Ukaniambia Jokébed ameomba kufundisha darasa la tatu shuleni kwako, diploma anayo, ndoa ya kanisani kwetu anayo, paroko ameshatia sahihi, imebaki ya directeur, mkuu wa shule, yaani yako. Ukaniuliza ufanye nini. Nami nikakujibu neno ambalo umelisikia tangu ukinyonya, kwamba damu ya Vagheni haitaingia katika shule yetu maadamu mimi niko hai. Ulirudi ukamkatalia yule mama bila hata kumkaribisha kiti. Leo nataka kulimeza neno lile, na kulimeza kunaniumiza koo kuliko ugonjwa huu, kwa sababu inabidi nianze kwa Salomon Mathe.

Mmekua mkisikia jina lake kila mwaka kwenye misa ya marehemu. Mimi, Salomon na Vagheni tulisoma ualimu pamoja, benchi moja, tukatumwa pamoja kwenye misioni yetu ndogo kati ya Musienene na Kipese. Uhuru ulipokuja mwaka wa sitini, mapadri wazungu wakasema sasa shule iongozwe na mwalimu mweusi, wakamchagua Salomon. Mimi nilikuwa wa kwanza darasani, mwandiko wangu ndio uliokuwa ukitundikwa wageni wauone, nikaona wamemchagua kwa sababu ni mpole na wataweza kumgeuza wanavyotaka. Hivyo ndivyo nilivyofikiri, na sikumwambia mtu, nilimpongeza kwa mikono miwili.

Lakini aliongoza, wanangu. Asubuhi akija kutia sahihi kwenye daftari la maandalio ya mwalimu, alikaa naye kwenye benchi la watoto na kumuuliza kwanza mke wake ameamkaje. Kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi alitukusanya walimu wote kusali, halafu mmoja baada ya mwingine alisema kinachomlemea, na hakuna neno lililotoka nje ya chumba kile. Siku moja mwalimu mwenzetu alikuja amelewa hata mlango haoni. Salomon alimlaza sakristiani, akamfundishia darasa lake kutwa nzima, jioni akamsindikiza nyumbani akimsukumia baiskeli, na mpaka leo jina la mwalimu huyo halijajulikana kwa wengi. Mimi nilisema moyoni: anajiwekea akiba, siku moja atamdai huyu mtu. Sikuwahi kuona akimdai.

Ukafika mwaka wa sitini na nne. Waasi, wale Simba, wakashuka kutoka Beni, na mapadri wakakimbilia upande wa Uganda wakatuachia funguo. Salomon alitukusanya akasema Wakristo hawawezi kubaki bila sala ya Jumapili, basi tutaendelea na zamu kama kawaida. Zamu yenyewe ilikuwa hivi: kila Jumamosi orodha iliandikwa kwenye karatasi ya miraba, kwa wino wa zambarau, jina la mwalimu na jina la kapela atakayokwenda kuongoza sala kesho yake, kisha ikapigwa misumari midogo minne kwenye mlango wa kanisa. Kina mama walipita kuisoma wajue mwalimu gani anawajia, wamchemshie maji. Ndivyo tulivyofanya miaka yote, na kwetu Jumamosi bila karatasi mlangoni ilikuwa kama Jumapili bila kengele.

Simba walikuwa wanatafuta watu wa kalamu, makarani, walimu, na zaidi wakuu wa shule. Tulimsihi Salomon ajifiche. Akaenda na mkewe Mariette kwenye kapela ya mbali upande wa Kipese, akanikabidhi mimi kiti chake na wino wake. Nilikalia kile kiti, Kamate. Nitakuambia ukweli, kilinifaa sana.

Jumamosi ile niliandika orodha yangu ya kwanza. Juu kabisa nikaandika kwa herufi kubwa: Mkuu wa zamu, Ndungo Anselme. Chini nikapanga walimu wote na kapela zao, na nilipofika kwenye kapela ya Kipese nikasita, kwa sababu kule aliyekuwepo ni Salomon. Nikasema nikiacha nafasi wazi orodha itakuwa na tundu, na watu watadhani directeur amewakimbia Wakristo wake. Nikaandika: Mathe Salomon, Kipese, saa tatu. Nikaipiga misumari minne mlangoni, nikarudi nyuma hatua mbili kuitazama, nikaona imependeza.

Julie, nipe maji. Ya chupa ile, ambayo hujaiacha peke yake. Asante.

Mchana uleule Vagheni alirudi kutoka Beni kwa lori la Idi, yule Mwislamu aliyekuwa anasafirisha chumvi. Alikuwa ametoka siku mbili bila kunieleza vizuri, na alirudi amevaa viatu vipya. Akasimama mbele ya karatasi yangu, akaisoma, akanijia ofisini akihema. Maneno yake ninayo yote: “Ndungo, toa ile karatasi ku mlango. Bale bantu banajua kusoma.” Nikamwambia: “Unataka kunifundisha kazi?” Akasema: “Hapana kazi. Ni maisha ya Salomon.” Mimi nikatazama viatu vyake. Nikamwambia orodha ya zamu haijawahi kutolewa mlangoni tangu misioni ianzishwe na haitaanza leo chini ya mkono wangu. Akanitazama, akaondoka.

Kesho yake asubuhi, mimi nikiwa kwenye kapela ya zamu yangu, Simba walifika misioni. Hawakumkuta mtu ila kina mama wachache. Saa tatu na nusu walikuwa Kipese. Waliingia kapelani watu wakiwa katikati ya Baba Yetu, mmoja wao akafungua karatasi akaita kama mtu anayeita mahudhurio darasani: Mathe Salomon. Akaisoma vizuri, bila kukwama. Na Salomon, ualimu ulikuwa umeshamwingia mifupani, akaitika: “Present.” Wakampeleka nyuma ya kapela.

Tulimzika Jumatatu. Mimi ndiye niliyeongoza sala, na wakati watu wakiimba sikumtazama marehemu, niliwatazama waliosimama, mmoja mmoja, nikitafuta uso uliomuuza. Nilirudi misioni nikakuta mlango wa kanisa una misumari minne na hauna karatasi. Sikuuliza imekwenda wapi. Zingatieni hapo wanangu: mimi niliyeuliza kila kitu, niliyehesabu chaki, sikuuliza. Nilichomoa misumari nikaitia mfukoni.

Badala yake nikamfikiria Vagheni. Alikuwa ametoka Beni waliko waasi. Alikuwa na viatu vipya. Na alijuaje kwamba karatasi ile ingemwua Salomon kama hakuwa amekaa nao? Mnaona nilivyoligeuza? Onyo alilonipa nililifanya ushahidi dhidi yake. Kila nilipolala lile neno lake lilinirudia, na kila liliporudi nililisukuma kwake, mpaka mwenyewe nikaamini kama ninavyoamini sala ya Nasadiki.

Mapadri waliporudi niliwaandikia ripoti kurasa mbili. Sikuandika kwamba Vagheni alimuuza Salomon, mimi si mjinga. Niliandika kwamba mwenendo wake katika siku za uasi haukueleweka, na kwamba siwezi kumpendekeza. Kwa mwalimu wa shule ya Kikatoliki wakati ule hilo lilitosha. Bila barua ya mwenendo mwema hakuna darasa, hakuna kuongoza sala, hata kusimamia ubatizo watu walianza kumkwepa. Alinijia hapahapa, kwenye mlango huo, akaniambia: “Ndungo, weye unajua vile ilikuwa. Juu ya nini unanifanyia hivi?” Nikamjibu: “Kama haukufanya kitu, juu ya nini unatetemeka?” Alikuwa anatetemeka kweli. Sasa najua ilikuwa hasira, au njaa, au vyote viwili.

Aliomba tena mara mbili, nami nikaandika mara mbili neno lilelile. Mwishowe Waprotestanti walimpokea, wakampa shule yao ndogo, akaenda kusali nao, akaita watoto wake Zorobabel na Jokébed kwa desturi yao ya Agano la Kale. Nilifurahi, wanangu. Nikawaambia walimu wangu, mnaona, ameonyesha rangi yake. Mtu nilimfukuza nyumbani mwake, halafu nikamlaumu kwa kulala kwa jirani.

Viatu? Ngojeni. Miaka zaidi ya ishirini baadaye nilipanda lori la Idi kwenda Mangina, safari ndefu, mvua, tumekwama kwenye tope, mazungumzo yakaleta habari za zamani. Nikamtega kwa upole. Idi akacheka: “Bile biatu? Ni miye nilimupatia, mwalimu. Alinisaidia kushusha mifuko ya chumvi siku mbili, nilikuwa hapana na kingine ya kumupa.” Nyumba ya Idi ilikuwa robo saa kutoka ofisini kwangu, na sikuwahi kumuuliza. Na alipojibu, nilisema nini moyoni? Nilisema hawa wawili walipatana maneno zamani.

Ndivyo nilivyokuwa directeur miaka ishirini na tisa. Watu husema shule yangu ilikuwa na nidhamu. Ilikuwa na hofu. Ijumaa za kwanza niliziendeleza, lakini hakuna mwalimu aliyesema kinachomlemea, walisali haraka wakakaa kimya, na mimi nikahesabu nani hakuja. Mwalimu akifiwa nilikwenda kumpa pole, na macho yangu yalikuwa yanatafuta ana viti vya namna gani na amevipata wapi. Kamate, nimekuona ukiingia madarasani kwa kunyata, bila viatu kulia, ili uwakute. Hiyo umeiga kwangu. Iache. Piga hatua zako watu wazisikie. Daftari la mwalimu lisome ukiwa umekaa naye, na ukiona mke wake anaumwa, nenda nyumbani kwake bila sababu nyingine. Sikukufundisha hayo. Nakuambia nilivyoyaona kwa mwingine.

Vagheni alikufa mwaka wa tisini na nne. Sikwenda mazishini. Nilimtuma mtu akaone nani amekwenda.

Sasa sikilizeni vizuri, sauti inaniishia. Mariette, mjane wa Salomon, mlimfahamu ninyi wote. Miaka thelathini na minne alifua vitambaa vya altare, alipiga magoti benchi la mbele yangu, kila Pasaka alinitumia kuku. Nilimshuku kila mtu katika misioni ile, walimu, masista, mwenye kupiga kengele, hata mama yenu, Mungu anisamehe, nilimshuku anapeleka maneno sokoni. Mariette peke yake sikumshuku hata siku moja. Alipokuwa anakaribia kufa, ni miaka mitatu sasa, aliniita. Alitoa kitabu chake cha sala, akafungua, akanipa karatasi ya miraba iliyokunjwa mara nne.

Akasema: “Njo hii. Ilianguka pale pembeni ya Salomon, nikaiokota. Nilijua mwandiko yako tangu siku ile ile. Nilikuwa nangojea useme weye mwenyewe.”

Akaendelea: “Lakini haukusema. Na miye pia niliacha Vagheni abebe muzigo ya bure, juu nilikuwa naogopa kama ukianguka weye, shule itaanguka. Tuko na zambi moja, mwalimu. Miye naenda na yangu.” Akageukia ukutani. Kesho yake tukamzika.

Mnajua nilifanya nini? Nilirudi nyumbani nikaishuku karatasi. Nikasema labda ameighushi, wanawake wana mambo. Nilitoa daftari zangu za zamani nikalinganisha herufi kwa herufi, ile K yangu yenye mkia, ile nukta ninayoiweka baada ya jina. Ni mimi. Jina langu liko juu, kubwa, na la Salomon liko chini yake na saa yake. Nimeificha miaka mitatu. Kumwungamia yule abbé, padri wetu kijana, nilishindwa, nikasema atacheka na wenzake. Nikabaki nayo hapa chini ya mgongo wangu, kila ninapogeuka kitanda kinalia.

Na bado kuna shaka moja, ambayo sitapata jibu lake huku duniani. Je, nilijua? Niliposita pale kwenye jina lake, kalamu ikiwa hewani, niliwaza tundu kwenye orodha tu, au niliwaza kile kiti? Sikutaka afe, hilo naapa. Lakini Vagheni aliniambia niitoe, mlango ulikuwa hatua thelathini, na mimi nilibaki nimekaa.

Julie, nipangusie uso. Hapana, naendelea. Nipandisheni kidogo kwenye mto.

Kamate, chukua ufunguo. Kata uzi tu, medali iache. Fungua. Iko chini kabisa, ndani ya bahasha ya bluu, pamoja na misumari minne. Ndiyo, ni ileile. Usiisome bado.

Haya ndiyo maagizo yangu. Jumamosi hii, hata kama mimi nitakuwa sebuleni nimefunikwa, mtakwenda misioni mkaipige hiyo karatasi kwenye mlango wa kanisa, kwa misumari hiyohiyo. Chini yake uandike kwa mkono wako, Kamate, maneno mawili matatu, usiyapambe: karatasi hii iliandikwa na Ndungo Anselme. Vagheni alimwambia aitoe, naye alikataa. Basi. Ikae mpaka Jumatatu, kila mtu aisome. Mtaona haya, najua. Watu watawanyoshea vidole ninyi watoto wangu ambao hamkufanya kitu, kama walivyonyoshewa watoto wa Vagheni. Mtavumilia. Wao walivumilia miaka thelathini na saba.

Barua ya Jokébed uitie sahihi leo, si kesho, hapa nikikuona. Na Jumapili ijayo, kwenye orodha ya zamu, jina lake liwe la kwanza. Mimi msinizike karibu na Salomon. Nizikeni kwenye njia inayokwenda madarasani, watoto wapite.

Sogeza kichwa, Kamate. Na wewe Julie. Mikono yangu ni mizito, ishikeni muiweke wenyewe. Mungu aliyenivumilia awabariki. Awape usingizi ambao mimi sikuupata. Mkila, mle na watu. Mkiulizwa juu ya baba yenu, msiseme uongo. Na mtakaowaongoza... wasiogope kuja kwenu. Amina. Semeni amina. Sauti zenu ziko mbali sana.

Sasa fungua mlango. Wote, ufungue wote, na pazia pia. Mwiteni.

Jokébed, mama, ingia. Kaa hapo kitandani, si kwenye kiti. Una paji la uso la baba yako. Sitasema sana, nimeishiwa. Kamate, mpe karatasi. Soma, mama. Kwa sauti. Jina la kwanza... hilo ni langu. Endelea. Hilo la Kipese, lisome. Ndiyo. Mwandiko ni wangu. Baba yako aliniambia niitoe. Aliniambia. Mimi nikatazama viatu vyake.

Usinijibu. Sikukuita unisamehe, sina haki hiyo. Nilitaka ulisikie kwenye kinywa kilekile kilichoua jina la baba yako.

Ule uji, Julie... pale dirishani. Mpe yeye. Sasa unajua, mama. Ukiona sistahili, umwage nje, baraka yangu unayo vilevile. Ukiona...

Unanipa? Ngoja, mkono wangu hauwezi. Nishikie wewe. Polepole.

Bado una joto. Wasingya, mama. Asante. Wasingya.